Chakula Kinachopita

Mwaka 2021 mkanda wa baba ulikuwa na matundu matano ya kiwandani na matatu aliyoyatoboa mwenyewe kwa msumari. La tatu alilitoboa mwezi wa nane, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa mbele ya banda la nguruwe, hapa kwetu Mugutha, Ruiru. Akapuliza ile takataka ya ngozi, akauvaa, akavuta, akasema, "Sasa umekaa." Mama alikuwa anamenya viazi. Mimi nilikuwa nimeshika koleo. Hakuna aliyemjibu.

Angekuwa hali, tungejua la kufanya. Mtu asiyekula unambembeleza, unampikia supu, unamwita dada yake aje amgombeze. Baba alikuwa anakula. Githeri sahani mbili, chapati tatu akizipata, na akimaliza anauliza kama zile ndizi za jana zimebaki. Halafu kabla sahani haijakauka anainuka kwenda chooni. Nisameheni kulitaja, lakini bila choo hadithi hii haiendi popote: kilikuwa cheupe, cha mafuta, kinaelea, na harufu yake haikuondoka hata kwa ndoo mbili za maji. Mtaani watu walishamaliza kazi yao ya udaktari. Wengine walisema ni ule ugonjwa. Wengine walisema ni shamba, kwamba kuna mtu anayelitaka shamba. Shangazi alileta mchungaji kutoka Githurai, akaomba kwa saa mbili, akala kuku, akaenda.

Upande wa pili wa ua kulikuwa na nguruwe kumi na wanane ambao nao walikuwa wanakula. Asubuhi nusu pipa, jioni nusu pipa. Walilamba hori hadi saruji ikang'aa. Lakini mgongo wa kila mmoja ulikuwa kama paa la nyumba, nywele zimesimama. Nguruwe wa miezi sita ambaye alipaswa kukaribia kilo 90 alikuwa na 55. Mama, ambaye hana maneno mengi, alisimama siku moja kati ya banda na mlango wa jikoni, akaangalia huku, akaangalia huku, akasema, "Hawa na baba yako wamekula kiapo kimoja. Wanaingiza tu, hawaweki."

Mimi ndiye niliyekuwa nawalisha. Duka nililokuwa keshia, kwenye Barabara ya Thika, lilifunga milango wakati wa korona, nikarudi nyumbani na begi moja na mtoto mmoja. Nguruwe kwetu ni jambo la ukoo. Guka, babu yangu, alifanya kazi kiwanda cha bekoni cha Uplands, kule Limuru, ambako mwaka 1947 polisi waliwapiga risasi wafanyakazi waliogoma. Aliondoka pale na vitu viwili: chuki ya wakubwa na ujuzi wa kumtambua nguruwe mgonjwa kwa kumwangalia mkia. Baba alirithi cha pili. (Msomaji wangu wa Lamu au Unguja, ambaye mnyama huyu hapiti mlangoni kwako, nakuomba uvumilie. Hata Tanzania bara, wanakomwita kitimoto, wapo wanaomla kwa kunong'ona. Utaona hadithi yenyewe ni ya baba.)

Ukifuga nguruwe, pesa zako zote zinapitia kwenye gunia. Chakula ndicho kinachobeba sehemu kubwa kabisa ya gharama, na mwaka ule na uliofuata bei ya mahindi na soya ilipanda hadi gunia la kilo 70 la chakula cha dukani likawa kitu cha kuombea mkopo. Kwa hiyo tulichanganya wenyewe, kama majirani wengi. Kwenye daftari langu la mraba ilikuwa hivi: jamu ya mahindi, polada na pumba za ngano, mashudu ya alizeti, omena kidogo, chokaa, chumvi, primiksi, na DCP, ule unga mweupe wa fosforasi na kalsiamu ambao hata ukiupima kwa kijiko bado unauma. Omena ilipopanda nikaipunguza. Polada ikaongezeka, kwa sababu polada ndiyo rahisi.

Viungo tulivinunua Thika. Ruiru vipo, ila Thika ni mji wa viwanda, kuna vinu, na ukifika Makongeni mapema unapata mzigo kabla haujapita mikononi mwa mtu wa pili. Nilikuwa nachangia pikapu na jirani, tunatoka saa kumi na moja alfajiri, saa nne tumesharudi. Huko Thika kulikuwa na kijana anayeuza duka la dawa za mifugo, aliyesomea mambo hayo chuo kikuu pale Juja. Siku moja nilimpa daftari langu aone kama kuna ninachokosea. Akalisoma kama mwalimu anayetafuta mahali pa kukunyima alama.

"Dada," akasema, "wewe unalisha nguruwe ama unalisha choo?"

Akageuza risiti, akanichorea punje ya mahindi.

Alichonieleza nimekisoma zaidi baadaye, kwa hiyo nakipanga kwa maneno yangu. Punje ya mahindi ni mama aliyemfungia mtoto wake akiba. Fosforasi ambayo mche utaihitaji, punje huiweka ndani ya kifungo kinachoitwa faiteti, na kama theluthi mbili ya fosforasi yote ya nafaka na mashudu imefungwa humo. Mbegu ikilowa na kuanza kuchipua, yenyewe hutoa ufunguo, ghala linafunguka, mtoto anakula. Ng'ombe naye hana shida, maana tumbo lake la kwanza limejaa vijidudu wenye ufunguo huo. Nguruwe ana tumbo moja kama wewe na mimi. Ufunguo hana, au anao kidogo mno. Ghala linaingia mdomoni limefungwa na linatokea nyuma limefungwa, tena njiani faiteti imeshaishikilia kalsiamu na zinki na kuondoka nazo. Mfugaji analipia fosforasi ya polada isiyomfikia mnyama, kisha anarudi dukani kulipia fosforasi ya DCP.

Ufunguo huo unaitwa faitesi. Ni kimeng'enya. Mambo haya shuleni niliyasoma kwa Kiingereza na kuyasahau kwa Kiingereza. Neno la Kiswahili nilikutana nalo ukubwani na likaingia mara moja, kwa sababu limebeba kazi yake mgongoni: kumeng'enya, kuvunjavunja chakula hadi mwili ukichukue. Viwanda huipata faitesi kutoka kwa kuvu na bakteria wanaokuzwa kwenye matangi, kazi inayofanana kidogo na ya kuchachusha pombe. Ya kwanza kuuzwa kwa ajili ya mifugo ilitoka Uholanzi mwaka 1991, na Waholanzi hawakuitafuta kwa sababu ya umaskini. Nguruwe wao walikuwa wengi mno kwa nchi ndogo, samadi imejaa fosforasi, fosforasi inaingia majini, maji yanaota mwani, serikali ikakaza sheria. Sisi tumeifikia kwa mlango mwingine, mlango wa bei.

Kwenye pakiti hiyohiyo kulikuwa na kimeng'enya kingine, zailanesi, cha kubomoa kuta. Polada na pumba ni maganda ya ngano, na ganda karibu lote ni ukuta: nyuzi ambazo nguruwe hawezi kuzivunja mwenyewe, na ndani ya vyumba vyake vidogo kuna wanga na protini zilizofungiwa. Kadiri unavyolisha pumba nyingi kwa kukosa pesa ndivyo unavyomhitaji mbomoaji. Hapo nikaelewa ile habari ya kulisha choo. Nilikuwa naziona pumba nzimanzima kwenye samadi kila asubuhi, nikidhani ndivyo samadi ilivyo.

Dozi ilinishangaza. Gramu 100 kwa tani nzima. Kwa gunia la kilo 70 ni gramu 7, kitu cha vijiko viwili vidogo hivi. Ukiimwaga tu na kukoroga kwa koleo, nguruwe mmoja atapata yote na kumi na saba hawatapata kitu. Unaanza na kilo moja ya unga, unachanganya kwa mkono mpaka uridhike, unaitia hiyo kilo kwenye kilo kumi, ndipo unaenda kwenye gunia.

"Na ukishaitia," kijana akasema akinifungia pakiti kwenye gazeti, "DCP punguza nusu. Usipopunguza, hujaokoa kitu."

Nilipunguza siku hiyohiyo. Hesabu ilikaa vizuri kwenye daftari hata nikaipigia mstari chini mara mbili. Kitu ambacho hakuniuliza, na mimi sikumwambia, ni kwamba chakula chetu tunakipika.

Inabidi nieleze hili la kupika, maana lilikuwa na sababu yake. Ruiru ina hoteli nyingi, na hoteli zina mabaki: maganda ya viazi, ugali wa jana, kabeji, mifupa. Mabaki ni bure, au karibu bure, na ni hatari. Homa ya nguruwe ya Afrika inaweza kusafiri ndani ya kipande cha nyama ya nguruwe kilichoachwa sahanini. Ugonjwa huu ulielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza hapahapa Kenya, na daktari wa mifugo aitwaye Montgomery, katika maandishi yake ya mwaka 1921, baada ya kuona nguruwe wa walowezi wakifa makundi kwa makundi ilhali ngiri wa porini wanatembea nao wazima. Miaka mia imepita na mgonjwa wake bado hana dawa. Jirani yetu wa ng'ambo ya mto alikuwa na nguruwe ishirini na sita Jumapili, na kufikia Ijumaa ya wiki iliyofuata alikuwa anachimba shimo. Baba akatoa amri: hakuna kitu kinachoingia horini bila kuchemka nusu saa, kinakorogwa. Na kwa kuwa kuni zilishawashwa, tukawa tunaweka kila kitu pipani. Maganda, polada, jamu, mashudu, vyote vikawa uji mmoja mzito unaotoa mapovu kama chemchemi za Bogoria.

Zile gramu 7 nilizipima kwa mizani niliyoiazima kwa muuza viungo, nikazichanganya hatua kwa hatua kama nilivyoambiwa, nikazimimina humo. Wiki tisa.

Tulikuwa na nguruwe jike tuliyemwita Karani, kwa vile kila asubuhi alizunguka mahori yote kama mtu anayekagua mahudhurio. Mwezi wa tisa alizaa watoto kumi na mmoja. Hao kumi na mmoja walikuwa na kazi tayari: baba alihitaji skani, na skani ilikuwa na bei. Wiki ya nne ya kunyonyesha, Karani alianza kukawia kuamka. Wiki ya tano akawa anainuka kwa miguu ya mbele tu, ya nyuma imetanuka chini kama ya chura. Daktari wa mifugo alimpapasa mgongo, akamvuta mguu mmoja polepole, tukasikia kitu. Akaniangalia.

"Mnampa DCP?"

Nikamwambia nusu, kwa sababu tuna faitesi. Akatingisha kichwa kama mtu ambaye hesabu yake haijafunga.

"Huyu," akasema, "amewanyonyesha watoto mifupa yake."

Ndivyo ilivyo. Jike akikosa fosforasi na kalsiamu kwenye chakula, haanzi kwa kupunguza maziwa. Anachota kwenye mifupa, siku baada ya siku, hadi mfupa wa paja au uti unavunjika kwa uzito wake mwenyewe.

Mchinjaji alikuja jioni. Baba, ambaye wakati huo kutoka kitandani hadi bandani kulimtaka apumzike mara mbili njiani, alikaa kando ya Karani juu ya ile ndoo yake, kiganja kimelala juu ya sikio la mnyama. Nilimtazama nikiwa mlangoni. Mifupa ya mabega yake na ya Karani ilikuwa imechongoka namna moja. Niliingia jikoni nikawasha redio, nikaiongeza sauti.

Vile vitoto tuliviuza mapema kwa bei ya hasara, na skani ikafanyika Thika mwezi wa kumi na moja. Daktari, mwanamke wa rika langu hivi, alimuuliza baba swali moja tu. "Mzee, ulikunywa kwa miaka mingapi?"

Baba alihesabu vidole kwa muda mrefu. Miaka ya tisini ilikuwa miaka ya kumi kumi, ile pombe ya shilingi kumi glasi, na baba hakuwa mtazamaji. Aliacha mwaka 2009, siku ambayo nyumbani hatuizungumzii. Kongosho lake lilikuwa limeweka hesabu yake lenyewe. Lilijaa makovu, na vijiwe vyeupe vilionekana kwenye picha kama punje za mchele.

Kongosho, daktari akatueleza, ni kiwanda cha vimeng'enya: vya mafuta, vya wanga, vya protini. Kiwanda kikifungwa unaweza kula ng'ombe mzima ukafa njaa. "Mzee anakula, lakini hameng'enyi," akasema. "Chakula kinapita tu." Mama akanishika mkono, akanibana. Najua alichokuwa anafikiria, kwa sababu na mimi nilikuwa nimeshafika bandani.

Kwenye dirisha la dawa mfamasia alitoa chupa, akaishika, akasita.

"Samahani, nyinyi ni dini gani? Kuna shida yoyote na nguruwe?"

Tukamkodolea macho.

"Ni kwa sababu hii dawa inatengenezwa kutoka kwenye kongosho la nguruwe. Kuna wanaokataa, ni haki yao. Huwa tunauliza kabla."

Baba hakuwa amecheka tangu mwezi wa sita. Alicheka hadi akashika kaunta, watu wa foleni wakageuka. "Miaka thelathini nimewalisha," akasema, akijifuta macho. "Acha nao wanilishe."

Maelekezo yalikuwa mafupi. Kapsuli mbili kila anapoanza kula, wala si baada ya kula. Asizitafune. Akishindwa kumeza, afungue ainyunyizie kwenye tunda lililopondwa, ameze palepale.

"Kwenye uji je?" mama akauliza.

"Uji wa moto hapana. Chai ya moto hapana. Moto unaziua."

"Unaziuaje?" Nadhani sauti yangu ilitoka vibaya, kwa sababu yule mfamasia aliinua macho.

"Kimeng'enya ni protini, dada. Ni kama ute wa yai. Ukishakaanga yai, linaweza kurudi kuwa bichi?"

Tulirudi kwa matatu. Baba alilala begani kwa mama. Tulipopita Juja nilikuwa nimeibana chupa katikati ya mapaja kwa mikono miwili, naangalia barabara, na nilichokuwa naona ni pipa. Wiki tisa za yai la kukaanga. Nilikuwa nimewapa nguruwe uji wenye ufunguo uliokufa, nikaiondoa na ile nusu ya DCP ambayo ufunguo ulipaswa kuifidia, na omena pia nilikuwa nimeipunguza. Nilipofika nyumbani nilichukua ile pakiti nikaipeleka dirishani. Ilikuwa imeandikwa. Kwa Kiingereza cha herufi za sisimizi, chini kabisa, karibu na tarehe: joto lisizidi kiasi fulani, ihifadhiwe mahali pakavu penye baridi. Mimi nilikuwa nimeiweka juu ya ukuta wa banda, chini ya bati.

Siku tatu sikumwambia mtu. Ya nne nilimkuta baba kwenye ndoo yake nikamwambia yote, tangu risiti ya Thika hadi mguu wa Karani. Aliniacha nimalize. Jina langu ni la mama yake, kwa hiyo akiwa na jambo la maana huniita maitu.

"Maitu," akasema, "mimi hili kongosho nililiua nikijua. Kila jioni, na pesa nikitoa. Wewe umeua nguruwe mmoja ukidhani unaokoa DCP." Akanyamaza. "Lakini cucu yako angekuchapa."

Sikuelewa hadi aliponikumbusha uji. Cucu, marehemu, alikuwa na kopo la unga wa kimea, wimbi alioulowesha, ukachipua, akauanika na kuusaga. Mtu akiugua nyumbani, au mtoto akiachishwa ziwa, alipika uji mzito wa kusimamisha mwiko, akautoa motoni, akausubiri. Alitia kidole. Ndipo akanyunyiza kimea kidogo na kukoroga, na mbele ya macho yako uji uliokuwa kama udongo ukalegea, ukawa wa kunyweka, bila kuongezwa maji hata tone. Tulidhani ni mazingaombwe. Sasa najua wimbi likichipua hutoa kimeng'enya cha kuvunja wanga, na uji mzito uliolainishwa hivyo unabeba chakula kingi kuliko uji mwepesi wa maji. Cucu hakujua neno hilo. Alichojua ni kwamba ukikitia kimea uji ukiwa bado unatokota, uji haulegei. "Kinalala," alikuwa akisema. Nilimwona akifanya hivyo labda mara mia.

Kwa hiyo tulibadilisha mpango. Mabaki ya hoteli bado yanachemka nusu saa, juu ya hilo baba hasikii mtu, na yuko sahihi. Lakini pipa linatolewa motoni na kuachwa. Mama hupima kwa kiwiko, kama anavyopima maji ya kuogesha mtoto mchanga. Kiwiko kikikubali, ndipo tunatia unga mkavu uliochanganywa na faitesi na zailanesi, tunakoroga, tunamimina horini papo hapo. Mwilini mwa nguruwe mna joto kama nyuzi 39, na huko ndani ndiko kazi inakofanyika, kwenye ile asidi ya tumbo. Pakiti inakaa kabatini chumbani kwa mama, kwenye kopo tupu la Blue Band. Kapsuli za baba ziko kopo jingine, rafu ya juu, na mama ameyaandika yote mawili kwa kalamu nene kwa sababu anatujua.

DCP niliirudisha yote mwezi wa kwanza, kwa woga. Halafu nikapunguza robo. Kijana wa Thika nilipomweleza alishika kichwa kwa mikono miwili, akasema sasa anamuuliza kila mteja kama anapika. Tulikosa sote, ila daftari lilikuwa langu.

Sitaki kudanganya kwamba palitokea muujiza. Kimeng'enya hakileti chakula, kinafungua kilichopo, na kama hukuweka protini ya kutosha hakuna cha kufunguliwa. Omena ilibidi irudi, pamoja na bei yake. Kundi lililofuata lilifika kilo 90 likiwa na miezi saba kasoro kidogo, na lile la kabla yake lilikuwa limechukua zaidi ya minane. Wiki hizo chache ni magunia. Kwenye samadi pumba nzima zimepungua, unaona kwa macho. Fosforasi inayoteremka na mvua hadi mtoni nayo bila shaka imepungua, ingawa hilo halionekani wala halinipi senti. Wapangaji wa gorofa tatu zilizoota ukutani kwetu tangu watu waanze kuuza ploti Mugutha wanalalamika kama kawaida: harufu iko palepale. Najua mwisho wa banda hili utatoka kwenye gorofa hizo, hautatoka kwenye chakula. Jirani mwenzangu wa pikapu ameshahamishia nguruwe wake ng'ambo ya Thika, Gatuanyaga, ambako bado kuna nafasi ya kunuka.

Chupa moja ya kapsuli inatugharimu karibu bei ya vitoto viwili vya nguruwe, na haimalizi mwezi. Nina ukurasa wake kwenye daftari lilelile: upande mmoja kapsuli, upande mwingine nguruwe.

Mizani ya kupima nguruwe hatuna, tunatumia utepe wa fundi cherehani. Unazungusha kifuani nyuma ya miguu ya mbele, unapima urefu kutoka katikati ya masikio hadi shina la mkia, vyote kwa mita. Kifua mara kifua, mara urefu, mara 69.3. Mwezi wa sita mwaka 2022 nilikuwa napima dume mmoja, kifua 1.05, urefu 1.10, nikapata kilo 84, na baba amesimama nje ya ukuta anasoma namba kwenye simu kwa sababu miwani yangu ilikuwa na matope. Alikuwa amevaa ule mkanda. Aliponiona namaliza alipanda juu ya jiwe, akanyoosha mikono kando kama mtu anayepimiwa suti.

"Nipime na mimi."

"Baba, hii hesabu ni ya nguruwe."

"Na dawa ninayokunywa ni ya nani? Pima."

Nilimzungushia utepe kifuani juu ya sweta. Alivuta pumzi ili azidishe, nikamwambia atoe, akatoa. Sentimita 88. Mwezi wa kumi na moja, hospitalini, zilikuwa 81. Niliiandika nyuma ya daftari. Akashuka kwenye jiwe mwenyewe, akauliza kama ndizi za jana zimebaki.